Sufuria Chini ya Kitanda

Nakumbuka Januari moja, miaka ya tisini hiyo, mwanangu Omondi, wewe ukiwa kifurushi kidogo ndani ya shuka na mimi nikiwa kijana wa kujifanya najua kila kitu. Nakuandikia kwa sababu ya simu yako ya jana. Uliponiambia mke wako amejifungua salama, nilifurahi mpaka nikamwamsha mama yako aliyekuwa amelala mchana. Halafu nikakuuliza, anakula nini? Ukacheka. Ukasema, "Baba, siku hizi chakula kinaletwa na pikipiki mpaka mlangoni." Leo chipsi na kuku, kesho chipsi na soda. Sikukujibu kwa sababu ningekasirika, na hasira ya kwenye simu inamaliza salio bure. Basi tulia usome.

Wakati huo tulikaa Homa Bay mjini, chumba kimoja na kijumba cha mabati cha kupikia pembeni. Nilikuwa fundi wa cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa, duka la mzee mmoja Mwislamu aliyetoka Mombasa. Wazazi wa Homa Bay, Mungu awabariki, hawakumbuki kwamba shule zinafunguliwa mpaka zibaki siku chache. Ndipo wote wanakuja kwa mkupuo, kila mmoja na mtoto wake, kila mmoja anataka kaptula ya kaki leo hii. Nilikanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jua linatua, nyayo zinawaka moto.

Na ndipo ukaamua kuzaliwa. Tena hukuja kwa njia ya kawaida, mama yako alipasuliwa. Ametoka bonde la Lambwe, na ndiyo maana mpaka leo tunamwita Nyar Lambwe, binti wa Lambwe. Hospitalini walitupa masharti: asiiname, asinyanyue kitu kizito, ale vizuri ili mshono upone na maziwa yatoke. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sasa nani apike? Mama yangu alikuwa ameshafariki. Mama mkwe alikuja, akakubeba, akakuombea, akaondoka siku hiyohiyo, maana kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Majirani walileta uji siku za mwanzo, halafu nao wakabanwa na mambo ya shule. Nilibaki mimi, na mimi nilikuwa mwanamume wa Kijaluo. Siku zile mwanamume aliyechungulia sufuria alitaniwa mpaka anaota mvi. Kwa hiyo nikawa nanunua. Asubuhi mandazi, mchana chipsi, jioni mkate na chai ya rangi. Wallahi nilijiona mume mkarimu kuliko wote mtaani!

Tulipokupeleka kliniki, nesi alikuweka kwenye mizani, akaitazama, akakuweka tena. Uzito haukuwa umesogea. Akauangalia mshono wa mama yako, akakunja uso. Kidonda kilikuwa kinachelewa kufunga, maziwa machache, na wewe ulikuwa unalia kilio chembamba ambacho sijakisahau mpaka leo. Akaniambia, "Mzee, mkirudi tena hivi nitawalaza wote wawili." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi hiyo akaingia shangazi yangu kutoka Sindo. Nilimwita Waya, maana ndivyo tunavyomwita dada ya baba. Alikuwa mfupi, mfanyabiashara wa samaki, mwenye sauti ya kumfikia mteja aliye upande wa pili wa soko. Alikuja na obambla, samaki waliopasuliwa wakakaushwa juani, pamoja na mfuko wa njugu na furushi la mboga ya akeyo. Alinikuta ndiyo naingia na karatasi imelowa mafuta.

"Ni nini hiyo?"

"Chakula, Waya. Cha mama mtoto."

Akaifungua, akatazama, akaikunja tena taratibu. "Hebu niambie, mtoto wa ndugu yangu. Huyu ananyonyesha, ama anapaka mafuta bawaba za mlango?"

"Waya, kazi imenizidi. Sina nafasi ya kupika kila siku."

"Nani amesema kila siku? Utapika Jumapili, mle wiki."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine humu mwenye mikono miwili na tumbo lisilo na kidonda?"

Mama yako akacheka pale kitandani, halafu akashika tumbo. "Waya, usinichekeshe, mshono unauma."

Basi usiku ule tukaloweka maharagwe, na Jumapili nikaketishwa jikoni kama mtoto wa darasa la kwanza. Niliambiwa maharagwe yachemshwe mpaka yaive kabisa, lakini yasitiwe kitunguu wala nyanya. Vitunguu na nyanya ni vya siku ya kula, unachota kiasi unachotaka unakikaanga, mengine yanabaki yalivyo. Akeyo ni chungu, si utani. Unaichemsha, unamwaga maji, unatia maziwa na kuiacha itokote polepole. Kesho yake unaongeza maziwa unachemsha tena, na kadiri unavyorudia ndivyo inavyolainika na kunoga. Njugu zikakaangwa, zikatwangwa, zikawekwa kwenye chupa pana. Kijiko kimoja kwenye mchuzi wa obambla na mtu anakula mpaka anasahau jina lake. Unga wa wimbi na mtama ukalowekwa chunguni uchachuke, uwe uji wa asubuhi. Hata viazi vitamu vilichemshwa, vya kumshikilia mama mtoto saa nne.

Nilimwuliza, na nilidhani nimemshika, "Waya, nimpe mama mtoto kiporo?"

"Kiporo ni kile kilichokushinda kumaliza," akanijibu. "Hiki hakijaguswa na mkono wa mtu. Kimepikwa kimngoje yeye."

Kisha akanipa masharti. Chakula kipoe kwa upepo kabla ya kufunikwa. Sufuria ikae kwenye beseni lenye maji kidogo, ipate ubaridi na sisimizi wasipande. Asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi, kila kilichobaki kitokote sawasawa. Kuchota ni kwa upawa mmoja safi, na ukionja usirudishe. Maharagwe yasivuke katikati ya wiki, hapo upike mengine. Jumatatu alfajiri akapanda gari la Sindo, maana samaki wake hawakuwa na shangazi mwingine.

Wiki ile ilikwenda vizuri, mwanangu. Mama yako alianza kupata rangi usoni. Ningeishia hapo ningekuwa shujaa, lakini ngoja.

Jumapili iliyofuata nilipika peke yangu, mlango wa jikoni nimeufunga, jasho linanitiririka. Nilikuwa ndiyo nimeingiza sufuria chumbani nikasikia sauti ya Owino nje. Owino alikuwa fundi mwenzangu pale barazani, cherehani yake kando ya yangu, na mdomo wake ulikuwa redio ya mji mzima. Alikuwa amekuja kukuona wewe. Nikashtuka! Nikabana vifuniko, nikazifunga sufuria zikiwa moto vilevile ndani ya marundo ya vipande vya kaki, nikazisukuma chini ya kitanda. Owino akaketi, akakaa, akasimulia habari zote za tangu Krismasi. Alipoondoka nikaona kumbe mahali penyewe ni pazuri, hakuna mgeni atakayechungulia. Nikaziacha palepale. Asubuhi nilichelewa, nikampa mama yako uji tu na viazi, nikakimbia kazini.

Jioni nilipofungua, harufu ilinipokea kabla ya macho. Maharagwe yalikuwa yanatoa povu. Akeyo na maziwa yake, usiseme. Chakula cha wiki nzima kimechacha, wateja wamepanga foleni barazani, na siku ya kurudi kliniki ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo.

Nikasema nitakichemsha sana, wadudu wafe.

"Usinipe hicho," mama yako akasema. Alikuwa amekuweka kifuani, unavuta, unaachia, unalia. Hakupandisha sauti. "Waya alikuambia kipoe kwa upepo. Wewe ukakifunika ili Owino asikione. Sawa, Owino hajakiona. Na mimi sijakila."

Nikaenda kumwaga shimoni. Omondi, nililia pale shimoni, mtu mzima na masharubu yangu. Niliona aibu, na si ya kupika. Niliona kwamba mke wangu ana njaa na mtoto wangu ana njaa kwa sababu nilimwogopa Owino, mtu ambaye hata kifungo hajui kukishona kikakaa.

Asubuhi nilimwendea mzee wa duka, nikamwambia leo nitachelewa, ninapika. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Nenda, mwanangu. Kaptula haifi." Nikapika mlango wazi. Nikaziweka sufuria dirishani kwenye beseni la maji, upepo wa ziwa unapita. Nikachukua vipande vya wavu wa chandarua, nikavipiga pindo, nikashonea vifungo vikubwa pembeni kote viwe vizito. Hivyo ndivyo vilikuwa vifuniko vyangu mpaka chakula kipoe: mvuke unatoka na nzi haingii.

Owino akapita, akaona mvuke. "Fundi! Siku hizi unapika?"

"Napika."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Karibu ule, lakini unawe mikono na usiguse upawa wangu."

Kabla ya mchana baraza zima lilikuwa na habari. Wakanibandika jina, Mama Omondi. Mteja akija kuulizia kaptula yake, wanamwambia, "Mngoje Mama Omondi, amekwenda kuchemsha." Nilicheka nao. Mwanzoni nilijilazimisha, baadaye nikacheka kwelikweli.

Ijumaa ikafika. Nilisimama mbele ya ile mizani nimeshikilia soksi zako. Mshale ukapanda. Ukapanda, Omondi! Nesi akauangalia mshono, akatabasamu, akasema unafunga. Akamwuliza mama yako, "Umekuwa ukila nini?"

Mama yako akaninyooshea kidole. "Muulize Mama Omondi."

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wiki ya kazi nyingi haikupi ruhusa ya kumlisha mkeo karatasi yenye mafuta. Huyo wa pikipiki mwache apumzike, mara moja moja tu aje. Chukua Jumapili yako, chemsha maharagwe, pika mboga, kaanga na utwange njugu. Nasikia una friji, mimi nilikuwa na beseni, kwa hiyo sitaki kusikia sababu. Lakini hata kwenye friji kipoe kwanza, kigawe kwenye vyombo vidogo, na ukikitoa kichemke sawasawa. Wenzako wa ofisini wakija, wasikukute umeficha sufuria. Waache wacheke. Kicheko chao hakijapata kumnyima mtoto yeyote maziwa, lakini kujificha kwako kunaweza.

Nimekutumia mfuko kwa gari la asubuhi. Kuna obambla wa Sindo na njugu za mama yako. Chini kabisa utakuta kitambaa cha wavu chenye vifungo, kimoja kimeng'oka. Hicho kilifunika chakula kilichogeuka kuwa maziwa yako. Kishonee kifungo kingine, najua mkono wa kushona unao.

Mungu aujaze upawa wako, mwanangu. Mkeo apone, mtoto anenepe mpaka mizani ilalamike, na nyumba yako isikose kitu cha moto dirishani. Nakutakia hata hilo jina. Siku watakapokuita Mama fulani mbele ya watu, itika.