Simama Tu, Wifi

Katika soko la Oruro, nchini Bolivia, Eulogia Colque hakuwa mwanamke wa kuchezewa. Aliachana na mume mlevi, akauza viazi vilivyokaushwa kwa baridi ya milimani, akasomesha binti wawili kwa mgongo wake, maana magunia alibeba mwenyewe. Jumapili alivaa jezi juu ya sketi yake ya marinda, akaenda kucheza mpira wa ukumbini na timu ya wauza viazi. Nahodha alikuwa Saturnina, mke wa kaka yake, na kama ilivyo ada ya mawifi, utani kati yao haukuisha.

Siku ya fainali waandamanaji walifunga barabara kwa mawe, wachezaji wengi wakakwama huko nje ya mji. Walifika wanne tu. Mmoja akamtukana mwamuzi, akatolewa. Wakabaki watatu, wakiongoza kwa mabao matatu, zikiwa zimesalia dakika nne. Sheria ya ukumbini haina huruma: timu ikibaki na wawili, mchezo umekwisha na wao wameshindwa.

Hapo ndipo Eulogia alipoteleza, akaangukia nyonga kwenye saruji. Saturnina alisikia mfupa ukilia. Hilo hakumwambia mtu.

"Wifi, hapa sipo sawa," Eulogia alisema, ameshika nyonga, jasho jembamba likimtoka.

"Acha kudeka, kaka yako hayupo hapa. Kaa golini, huna haja ya kukimbia. Simama tu, wifi."

Akasimama, ameegemea mwimo wa goli. Walifungwa mawili, la tatu halikuingia. Kondoo wa zawadi alichinjwa jioni ileile, na supu ya kichwa akapelekewa Eulogia kitandani, kwa heshima.

Kesho yake mguu ulikuwa umefupika. Daktari alisema pengine mwanzo ulikuwa ufa tu, na angelala palepale huenda wangeubana kwa skrubu akapona. Kule kusimama ndiko kulikoutenganisha mfupa, damu ikakatika, kichwa cha mfupa wa paja kikafa. Akauliza nani alimwambia asimame. Saturnina alikuwa mlangoni. Eulogia akajibu kwamba ulikuwa ubishi wake mwenyewe.

Tangu hapo hakuweza tena kuchuchumaa mbele ya bidhaa zake. Binti mkubwa aliacha chuo, magunia yakahamia mgongoni kwake. Saturnina alikuwa akileta chakula kila siku ya Mungu, na kila siku aliondoka na neno lake kooni. Inauma kushukuriwa na mtu uliyemvunja.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja ya mafua, timu ikabaki na wawili. Eulogia akaingia ukumbini kwa magongo, jezi ameivaa.

"Niandikishe, wifi. Mpira siuwezi, lakini kusimama najua."

Hakuwa anapiga kijembe, na hilo ndilo lililomchoma Saturnina. Akaenda mezani kwa mwamuzi, akasema wako wawili, aandike wameshindwa.

"Na yule pale?" mwamuzi akauliza.

"Yule nilisikia mfupa wake ukivunjika mwaka jana," Saturnina alisema, na ukumbi mzima ukasikia. "Nikamwambia asimame."

Eulogia alijishusha kwenye benchi taratibu, mguu mmoja ameunyoosha. Hakuonyesha mshangao.

"Nilijua ulisikia," alisema. "Uliitazama nyonga yangu kabla sijaishika."