Kwa Pikipiki ya Kukodi Hadi Kwao Nsimire

Safari hii niliifanya kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Ilikuwa miaka ya Zaire, nami nilikuwa nikifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu. Siku moja baada ya Pasaka nilichora mto Ruzizi ubaoni, kutoka ziwani hadi kwenye uwanda wa chini, nikasema njia yote hiyo ni makorongo na maporomoko, wala hakuna mtu anayeweza kulima kando yake. Msichana mmoja, Nsimire, alinyoosha mkono akasema kwao wanalima mpaka majini. Nilimuuliza mbele ya wenzake ni nani anayefundisha, yeye au mimi. Darasa zima lilicheka. Tangu hapo wakamwita Citoyenne Mto, yaani Raia Mto, na baada ya wiki mbili akaacha kuja. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye mtaani Kadutu, aliniambia mtoto amerudi kijijini kwa miguu na hataki kusikia habari ya shule.

Ninyi mnaopita darajani kila siku mnaujua Ruzizi pale tu unapoliacha ziwa. Mimi pia. Miaka sita niliufundisha bila kuufuata zaidi ya hapo.

Jumamosi asubuhi nilikodi pikipiki kwa fundi mmoja wa Muhumba. Alinionya juu ya breki ya nyuma, akaniomba nisiipitishe kwenye maji marefu. Nilivaa abacost yangu nzuri, ile suti isiyo na tai waliyovaa wakubwa wa serikali, maana nilikuwa ninakwenda kuomba radhi kwa watu wazima, na sikutaka wanione kama mtu wa mchezo.

Nyantende niliwakuta watu kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, wakiziba mashimo ya barabara kwa majembe. Waliponiona na abacost walijipanga pembeni na kuongeza bidii. Walidhani nimetumwa kuwakagua. Nilisimama nikawaeleza kuwa mimi ni prof tu, mwalimu wa sekondari, na muzee mmoja akanipa mkono wake wenye udongo, akasema kama ni hivyo nipite polepole nisiharibu kazi yao.

Mbele ya hapo njia ilikuwa mbaya. Mvua ya usiku ilikuwa imegeuza udongo mwekundu kuwa sabuni, na kwenye mlima wa kwanza pikipiki ililala juu ya mguu wangu. Wanawake wawili waliobeba ndizi migongoni walitua mizigo yao, wakainyanyua, kisha tukaisukuma sote mpaka juu. Niliwauliza kama wanamjua Nsimire anayesoma mjini. Mmoja alimjua. Alisema alimwona akipita na valizi ya nguo kichwani, akakaa kando ya njia kupumzika, na alipomuuliza kama kuna mtu aliyekufa, mtoto alijitwika tena mzigo wake akaenda zake. Niliwashukuru, nikaendelea, lakini sikufurahia tena upepo wala mashamba ya maharage.

Saa sita hivi nilifika ukingoni mwa mlima, nikauona mto. Upande wa juu maji yalikuwa meupe, yakigombana na mawe kama nilivyofundisha siku zote. Lakini chini yake bonde lilifunguka, mto ukapanuka na kutulia. Viazi vitamu, miwa na maharage viliteremka mpaka majini kabisa. Ng'ambo, upande wa Rwanda, mtu alikuwa akisafisha jembe lake huku akizungumza na mwanamke wa upande wetu, wala hawakuhitaji kupaza sauti. Nilisimama pale muda mrefu, nikiona haya peke yangu.

Nilipoteremka kijijini watu walijifungia ndani, wakidhani ni mutu wa kodi. Mama yake Nsimire ndiye aliyetoka. Baba yake alikuwa akifanya kazi mbali, Kamituga, kwenye machimbo. Nilimwambia mimi ni nani, na kwamba mtoto wake alisema kweli nami nikamfanya achekwe.

Alinitazama kuanzia viatu vilivyojaa matope.

"Prof, ulitoka Bukavu juu ya mutoto mumoja tu?"

"Ndiyo, Maman."

Aliniongoza mpaka shambani, ambako Nsimire alikuwa akipalilia, miguu yake hatua tatu kutoka majini. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Aliendelea kushika jembe.

"Miye sikukataa masomo, Prof," alisema hatimaye. "Nilikataa kuchekwa. Na wenye walicheka hawako hapa."

Tulikula bugali na matembele, mama yake akaniongezea mara mbili, lakini nilipoondoka saa tisa, mvua ikitishia, Nsimire hakuwa ameniahidi lolote. Nilirudi njia ile ile polepole, nikaikabidhi pikipiki jioni, nayo imejaa matope mpaka kwenye taa.

Jumatatu hakuja. Hata hivyo nilisimama mbele ya darasa, nikawaambia nimekwenda, nimeona, na kwamba aliyekosea ni mimi. Nilitazamia kicheko, hasa nilipowasimulia jinsi nilivyoanguka. Hakuna aliyecheka. Nadhani habari ilimfikia kupitia kwa shangazi yake, maana siku ya Alhamisi aliingia, ndala zake mkononi, akaomba ruhusa ya kukaa.

Nilimpa chaki badala yake. Alichora mto wa kwao, mawe, maji yaliyotulia, mashamba, na mahali ambapo watu wa pande mbili huzungumza. Alieleza kwa nusu saa. Mimi nilikuwa nyuma ya darasa nikiandika kama wengine.

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo. Mwanafunzi akinipinga, bado damu hunipanda kichwani kidogo. Sikuzaliwa upya kwa sababu ya safari moja. Lakini kabla sijamjibu humuuliza kwanza, "Kwenu ni wapi?" Kisha ninanyamaza, nasikiliza.