Gauni la Mkataba Limebaki Mkono Mmoja

Hakuna kijana hapa Tuskarora, taifa letu la wenyeji asilia wa Marekani, anayetunza kitambaa cha mkataba kama mwandishi wa makala haya. Vipande vyake vyote viko sandukuni, vimekunjwa, vinanukia sabuni.

Saa tatu asubuhi, ukumbi wetu umejaa harufu ya supu ya mahindi. Arleta Hewitt, fundi cherehani mwenye miaka sabini na mmoja, anatia mkasi kwenye jora la bafta nyeupe, kisha analichana kwa mkono. Chwaa! Foleni inasogea.

"Shangazi, nikatie kwa huruma. Mimi mnene," anasihi bwana mmoja.

"Kalalamike Washington. Mimi nimepewa mkasi tu."

Jora limetoka serikalini. Mwaka 1794 Marekani iliyaahidi mataifa yetu amani, pamoja na bidhaa za dola elfu nne na mia tano kila mwaka, milele. Milele bado inaendelea. Dola ni zile zile, ila watu tumezaana.

Arleta halipwi kwa kukata. Anaishi kwa kufupisha suruali za watu na kushona mapazia.

"Zamani fungu la mtu lilitosha gauni," anasema. "Sasa ukipiga chafya mara mbili, limekwisha."

"Si bora watupe pesa mara moja, yaishe?" mwandishi anamchokoza.

Mkasi unasimama. "Yaishe? Wakileta hata uzi, wamekiri sisi ni taifa na wana ahadi nasi. Tukikataa sisi, watashangilia wao. Andika hivyo."

Mama yake Arleta aliomba azikwe na gauni la kitambaa hiki. Vipande vyake havikutosha hata kifua.

"Alikuwa kitandani ananiangalia nikipima, napima tena. Akaniambia, 'Basi, Arleta, acha.' Nikamzika na gauni la dukani, la maua. Na maua hakuyapenda."

Tangu hapo anaomba vipande kwa majirani. Anataka avae gauni zima Novemba hii, siku ya kumbukumbu ya mkataba, asimame mbele ya wakubwa wa serikali waone ahadi yao imefikia wapi. Umebaki mkono wa kushoto tu.

"Watu wote nimeshawamaliza," anasema. "Nisipoupata, nitabaki nyumbani. Siendi kwa wakubwa na mkono wazi, waseme tumechakaa."

"Mkono huo niachie mimi, Shangazi! Vipande vyangu vyote vipo," mwandishi anajitapa.

Nyuma kwenye foleni, bibi yake mwandishi anaweka bakuli la supu chini.

"Vipo wapi? Kimoja umezibia dirisha. Kingine si ndicho unachopimia oili ya gari? Geuka, Shangazi yako aone mfuko wa nyuma."

Arleta anakivuta kile kitambaa mfukoni, cheusi tii kwa oili, anakinyoosha juu ya meza na kukipima kwa vidole.

"Kitakaa kwapani, na kile cha dirishani kitamalizia mkono," anasema. "Na wewe Novemba utasimama upande wangu wa kushoto, wakiuliza weusi huu umetoka wapi, uwajibu."