Binti Yangu Ni Mgothi

Watu wa kanisa letu hapa Louisville bado wananiuliza kama pepo alitoka. Wananishika mkono mlangoni, wanalaza kichwa upande kama wanaongea na mgonjwa, wanasema, "Bon, mama, na yule mutoto? Alifunguliwa?" Nawajibu kwamba hakufunguliwa kwa sababu hakufungwa. Wanacheka kidogo, wananipapasa bega, halafu wanaenda kunisema kule magari yanakoegeshwa. Na waniseme! Nimechoka kuwa na adabu.

Binti yangu ana miaka kumi na saba. Alianza na kucha nyeusi, nikanyamaza. Ikaja midomo myeusi, wanja mzito, buti za kamba mpaka magotini, na koti jeusi refu ambalo hata joto la Julai halikumvua. Kwetu Kivu mtu akivaa nyeusi juu mpaka chini ana kilio, na kilio kina siku yake ya kuondolewa: watu wanakuja, wanakula, mfiwa anavuliwa nyeusi anavikwa rangi, basi, maisha yanaendelea. Kwa hiyo Wakongomani wenzangu wa mtaa wa Iroquois walipomwona akishuka kwenye basi la shule walianza kunipigia simu za pole. Mama mmoja alileta sufuria ya sombe, majani ya muhogo, machozi yako tayari machoni. "Ni nani amekufa?" Hakuna aliyekufa, mama, ni mtindo tu. Alinitazama kama nimemtapeli. Sombe tulikula.

Aliyelitamka kwanza neno pepo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Anakaa Hilliard, pembeni ya Columbus. Mume wangu alifia kwenye kambi ya wakimbizi Burundi, na tangu siku ile huyu baba mukubwa ndiye baba wa watoto wangu, na hachoki kunikumbusha. Nikinunua gari, anauliza kwa nini hakuulizwa. Mtoto akipiga chafya Louisville, yeye anatoa amri Hilliard.

Jumapili moja alikuja kutusalimia. Tulikuwa mezani, ugali na samaki, akamkazia macho binti yangu mpaka mtoto akaacha kula.

"Sasa weye ni nini?" akamuuliza. "Sema. Ni nini hii unavaa?"

Mtoto akajibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu wote, bila kuinua uso: "I'm goth."

Sasa nieleweke. Sisi watu wa Kivu ile th ya Waingereza haikai mdomoni mwetu, na isipokaa mdomoni haikai sikioni pia. Thank you kwetu ni senkyu. Thursday ni sasdei, na zamu zangu zote pale ghalani ninakofungasha maboksi nazitaja hivyo hivyo, na mizigo inafika. Kwa hiyo mezani pale hatukusikia goth. Tulisikia neno la karibu tunalolijua, God. Mtoto wangu, mbele ya samaki tuliyemwombea baraka, amesema yeye ni Mungu.

"Mulisikia?" shemeji akaruka na kiti kikaanguka. "Eti yeye njo Mungu!"

Mimi mwenyewe nilishika kichwa. Yesu wangu! Mtoto akapandisha mabega, akachukua sahani yake, akaenda chumbani, jambo ambalo ndilo hasa Mungu wa uongo angefanya, au hivyo tulivyoona. Shemeji hakumaliza hata chai. Kuna mtume kwenye mji wa Buffalo, alisema, mtu wa kwetu, ana kanisa kubwa na chumba cha maombi. Mtoto atapelekwa kule, atafunga kavu, bila chakula bila maji, ataombewa, na atabaki mpaka kile kitu kitoke, hata kama ni kiangazi chote. Nikasema sawa. Kwa nilichosikia, ningesema nini?

Jumamosi iliyofuata tuliondoka asubuhi, mimi na yeye kwenye gari langu mpaka Hilliard, ili tuendelee na gari la shemeji. Tulivuka mto Ohio bila kusemezana. Mbele kidogo ya Cincinnati uvumilivu ukaniisha.

"Kwa nini unajiita Mungu?" nikamfokea. "Nimekukosea nini mimi?"

Akanigeukia, mdomo wazi. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka wanja ukamtiririka mashavuni, akawa kama ngedere aliyenyeshewa. "Goth, mama! Si God. Toa ulimi." Nikatoa ulimi. "Weka katikati ya meno. Sasa pumua." Nikapumua, mate yakaruka kwenye usukani. Tukarudia. Kumbe ni neno jingine kabisa!

"Haya, na huyo Goth ni nani?"

Akaniambia, nusu Kiingereza nusu Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba ni kabila la zamani la Ulaya. Wagothi walikaa kaskazini ya mto Danubi, na Warumi walikaa kusini yake. Wakaja watu kutoka mashariki wakawashambulia Wagothi, wakachoma vijiji vyao.

"Watu gani?"

"The Huns. Kiswahili sijui. Wahuni?"

"Hao nawajua," nikamwambia. "Endelea."

Wagothi wakakimbia na watoto wao mpaka ukingoni mwa mto, wakawanyooshea Warumi mikono: tuvusheni. Mfalme wa Warumi akakubali. Walivuka kwa mitumbwi na magogo, mto umejaa, wengi wakafa maji. Na walipofika ng'ambo wakakuta wakubwa wa jeshi wamefungia chakula. Chakula kilikuwepo! Lakini watu wale walishikwa njaa makusudi, mpaka wakubwa wakaanza kuwauzia mbwa wa kula. Bei ya mbwa ilikuwa mtoto. Unatoa mtoto wako awe mtumwa, unapewa mbwa.

Nilitoka barabarani nikasimamisha gari kwenye kituo cha mafuta. Mimi nilivuka mto Ruzizi kuingia Burundi. Niliona kambini jinsi unga wa msaada ulivyofungiwa na wale wenye funguo, na wasichana waliokuwa wakiitwa nyuma ya ghala kwenda "kusaidia kubeba". Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni jambo la zamani hivyo, kwamba limeandikwa, kwamba wapo watu waliofanyiwa hivyo hivyo na wakawa na jina.

"Halafu?" nikauliza.

"Wakakasirika, mama."

"Wakafanya vizuri!"

Walikasirika wakapigana, wakamuua mfalme wa Warumi vitani, na wajukuu wa hasira ile wakaja kuingia Roma yenyewe na kuipora. Wakaitwa washenzi. Mpaka leo vitabu vya shule vinawaita hivyo, na mwalimu wake wa historia ndivyo alivyofundisha: washenzi walikuja, ustaarabu ukaanguka. Mbwa hakuwataja. Binti yangu ndiye aliyekwenda kuwatafuta Wagothi mwenyewe, kwa sababu muziki anaoupenda ulibeba jina la watu wale. Nikamuuliza kama walikuwa wapagani. Hapana, akasema, walikuwa Wakristo, walikuwa na Biblia kwa lugha yao wenyewe. Askofu wao aliwatungia hata herufi za kuiandikia. Inasemekana vitabu vya Wafalme alikataa kuvitafsiri, maana vina vita vingi na wale watu vita walikuwa wanavipenda tayari. Nilicheka peke yangu. Huyo askofu angefaa kwetu.

Ningegeuza gari pale pale. Lakini nilijidanganya kwamba shemeji akielezwa ataelewa. Tulipofika kwake nilimweleza yote, mlangoni, na ulimi nikatoa. Alinisikiliza mikono nyuma.

"Donc ni pepo ya kabila," akasema. "Ile njo mubaya zaidi, inafwataka damu. Pandeni gari, mtume anatungoja."

Nikapanda. Nilijiambia: mtume ni mtu wa Neno, nitamweleza ana kwa ana, tutarudi wote usiku. Njia nzima shemeji aliweka mahubiri kwa sauti ya juu, na mtoto alikaa nyuma na kichwa kwenye kioo.

Kanisa la Buffalo lilikuwa jengo la zamani la mawe ambalo wazungu walilihama. Binti yangu aliposhuka alisimama akalitazama mnara wake, milango yake yenye ncha juu, madirisha marefu ya vioo vya rangi, akanong'ona: "Mama, hili ni la Gothic." Akanieleza haraka, tukipanda ngazi. Wagothi wenyewe hawakujenga hata moja. Karne nyingi baada yao Waitaliano waliopenda mambo ya kirumi walizidharau nyumba za namna hii, na walipotafuta tusi wakasema hizi ni za Kigothi, yaani za kishenzi. Tusi likabaki, likawa jina la uzuri.

Nafasi ya kumweleza mtume sikupata. Alikuwa na suti nyeupe na taulo begani, na kazi imekwisha kuanza. Walimkalisha mtoto wangu kwenye kiti cha plastiki mbele ya madhabahu, wamama watano wakamzunguka na vitenge tayari kumfunika akianguka. Mtume akamshika paji la uso akaanza kumsukuma nyuma, mbele, nyuma, shingo inakwenda kama ya kuku.

"Weye pepo! Jina yako nani?"

Mtoto akashika kingo za kiti.

"Nasema jina! Kwa moto! Weye ni nani?"

Akamwekea kipaza sauti mdomoni. Na binti yangu, aliyefundishwa na mimi kwamba mkubwa akikuuliza unajibu, akajibu: "I'm goth."

Kanisa zima likalipuka. Wengine walianguka chini, wengine walikimbilia mlangoni, mpiga ngoma akapiga kama vita imefika. God! Amesema ni God! Mtume akarudi nyuma hatua moja, na naapa nilimwona ameogopa kweli, kisha akakusanya nguvu akamrudia yule mtoto kwa mikono miwili.

Sijui nilifikaje mbele. Najua kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu.

"Muna masikio ya nini?" nikapiga kelele. "Hakusema God! Amesema goth! Toeni ulimi!" Nikawaonyesha. Kanisa likakodoa macho, mama mzima ametoa ulimi madhabahuni. Nikawapa yote, bila kuvuta pumzi. Wahuni, mto, mitumbwi, chakula kilichofungiwa, bei ya mbwa. "Ni wakimbizi!" nikasema. "Kama miye, kama weye uliyelala hapo chini unajifanya umepigwa na Roho! Na Biblia walikuwa nayo kwa lugha yao, wakati babu za babu zenu hata alfabeti hawakuijua!"

Mmoja wa wale wamama wa vitenge akauliza, sauti ya chini, "Na hao mbwa, walikula?"

"Walikula."

"Masikini," akasema, na kitenge kikamshuka mkononi.

Mtume akanyoosha mkono apokee kipaza sauti. "Mama, historia haifukuze pepo."

"Basi anza na nyumba yako! Angalia madirisha hayo! Angalia juu! Hii yote ni Gothic, mulinunua na pepo wake!"

Kuna watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomuumiza mtume. Shemeji akaja mbio, akanishika kiwiko, akaninong'oneza sikioni huku anatabasamu kwa ajili ya watu. "Umenihaibisha. Muache mutoto hapa, kaa kimya. Ukimutoa hapa leo, usiite tena jina ya marehemu mudogo wangu. Hamuko watu wangu."

Nikamtazama. Miaka yote ile ya kuomba ruhusa! Nikamrudishia mtume chombo chake, nikamshika binti yangu mkono, tukatoka kwenye ile milango yenye ncha. Hatukuwa na gari, langu lilibaki kwa shemeji. Tulitembea, tukauliza, tukapata kituo cha basi la kwenda Columbus.

Ndani ya basi nilikuwa bado natokota. Nilirudia hotuba yangu tangu mwanzo, pale niliposema hivi, uso wa mtume ulipokuwa vile, Wagothi wangu wametetewa kabisa. Mtoto alikuwa anajifuta uso na karatasi. Paji lilikuwa jekundu, alama za vidole zinaonekana. Nilikuwa katikati ya sentensi aliposema, na alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili hakimtoki mpaka umkamue:

"Mama, ulitetea Wagothi vizuri sana. Miye nilikuwa pale pale, kwenye kiti."

Nikamgeukia.

"Kama wangekuwa watu wabaya kweli," akasema, "kama hawana Biblia, ungeniacha?"

Hasira yangu yote ikakosa mahali pa kukaa. Nikasema hapana, nikasema wewe ni mtoto wangu, wewe ni wangu hata ungekuwa nani, nikasema kwa nguvu mpaka dereva akatuangalia kwenye kioo.

"Unaambia nani sasa?" akaniuliza, taratibu, bila ubaya. "Wao hawako hapa."

Nikatoa simu. Nikampigia shemeji, nikaweka sauti ya nje. Alipokea, nyuma yake walikuwa wanaimba, ibada imerudi kuwa tamu.

"Allô? Umejuta?"

"Peleka simu madhabahuni," nikamwambia. "Weka kwenye kipaza sauti. Kuna kitu sikusema."

Akakata. Nikapiga tena.