Damu Iliyokataa Kukata

Kule Mofu, ukimtaja Agnetha bila kutaja mundu wake, bado hujamtaja. Wakati wa kuvuna mpunga aliwaacha nyuma wanawake wa umri wa bintiye, kisha akageuka kuwauliza kama wamekuja kuvuna au kutembea.

Pasaka iliyopita mdomo ulimwendea upande na mkono wa kulia ukafa ganzi. Jioni vyote vikarudi sawa. Hospitalini Ifakara wakamwambia hicho kilikuwa kiharusi cha kuonja tu, kingine kingeweza kumlaza moja kwa moja. Wakampa aspirini ndogo ya kumeza kila siku, damu isigande ovyo mishipani.

Alimeza kwa utii mpaka mavuno yalipoanza. Siku ya kwanza tu mundu ukamgusa kidole, jeraha ambalo zamani angelilamba akaendelea na kazi. Safari hii damu ilikataa kukata. Mpunga ukalowa, wenzake wakamkalisha kivulini kama mgeni, na mmoja akasema kwa huruma kwamba mama sasa amezeeka. Huruma ile ilimuuma kuliko kidole. Tangu hapo kidonge alikificha chini ya ulimi mbele ya binti yake Herieth, kisha akaenda kukitema majivuni.

Alipoitwa kupimwa, alikwenda na Herieth, na daktari Anselim alimweleza kwamba mashine inaangalia chembe sahani, zile zinazoshikana kuziba jeraha. Dawa ikifanya kazi, huwa nzito kushikana. Za Agnetha zilishikana upesi, kana kwamba hazijawahi kukutana na dawa. Daktari akaona huenda aspirini haimfai, amwongezee nyingine iliyo kali zaidi, japo hiyo ingeweza kumtoa damu hata tumboni. Ila kwanza akauliza kama kweli mama anameza.

"Namwona kwa macho yangu kila asubuhi," Herieth alijibu. "Mama hajaruka hata siku moja."

Alisema kwa fahari, na fahari hiyo ndiyo iliyomchoma Agnetha. Akimuacha mtoto aendelee kumtetea hivi, siku moja atamtetea mbele ya jeneza.

"Mwanangu anasema alichoonyeshwa," alisema. "Simezi, daktari. Tangu mavuno yaanze nakitema."

Herieth aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Daktari hakumgombeza mama. Aliachana na ile dawa kali, akamsihi arudie kidonge chake, na akijikata akandamize kwa kitambaa bila kuchungulia, kwani damu itakata, ila itachelewa.

Msimu uliobaki Agnetha aliupiga mpunga badala ya kuukata, na alinung'unika vya kutosha. Kisha siku moja, akimenya muhogo, kisu kikateleza. Herieth alikuja mbio na kitambaa. Mama akakandamiza kidole, akaketi, akatazama wekundu ukitambaa polepole kwenye nguo.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Inafanya kazi."