Kivuli cha Mama Dirishani

Mdogo wangu alitaka sauti ya Mama isikike kanisani siku ya harusi yake. Alikuja saluni mchana, mimi nikimsuka mteja, akanishikia simu mbele ya uso, akiniita kwa neno letu la dada mkubwa.

"Yaya, sikiliza. Hapa ndipo Mama atatubariki."

Kwenye simu, kivuli cha mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani kilikaa mbele ya dirisha la ghorofa letu la zamani, South Beach, kando ya bahari. Kikasema: "Naomba dawa niishi, niwaone watoto wangu wakiolewa na kuoa."

Mteja aligeuka chini ya mikono yangu. "Eish, dada, sauti yako kabisa! Nimesikia baridi mgongoni."

"Hata bega," mdogo wangu akacheka. "Moja juu, moja chini. Amemwiga Mama kila kitu ila upole."

Nilicheka nao. Mteja alipoondoka, nilifunga mlango.

Filamu ile ilipigwa wakati dawa za ukimwi hazijawafikia watu kama sisi. Mwanaharakati mmoja, mwanamke, alipita kwenye maghorofa na kamera, akarekodi wagonjwa, kisha akawaonyesha watu kwenye kumbi za makanisa ili wadai dawa. Wagonjwa wengi waliogopa kujulikana, kwa hiyo aliwakalisha mbele ya dirisha lenye jua, wabaki weusi bila uso. Mama alikubali kwa sharti hilo. Alikuwa msusi, na wateja wake wote walikuwa Wakongo wenzetu wa jengo lilelile, ambao wangemkimbia wakijua.

Siku yenyewe ilipofika, hakuweza kuketi. Mdogo wangu alikuwa hajaanza kutembea. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeshaacha shule ili niwatunze wote wawili. Mama alivua kitambaa chake akanifunga.

"Kaa wewe," alisema. "Mbele ya jua sisi sote ni mtu mmoja."

Alifariki kabla dawa hazijafika. Mdogo wangu alikua akiibusu televisheni kila tulipocheza kanda ya filamu ile na kumtakia Mama usiku mwema, nami nimesimama nyuma yake. Nilinyamaza. Niliona afadhali awe na mama mwenye sauti yangu kuliko kukosa. Lakini kanisani ningekaa benchi la mbele, mzima, nikisikiliza marehemu akitoa baraka kwa kinywa changu.

Nikamwambia.

Macho yake yalishuka kwenye bega langu.

"Kwa hiyo ni wewe niliyekuwa nambusu?"

"Ni mimi."

"Na Mama alikuwa wapi?"

"Kitandani, karibu na kamera. Alininong'oneza kila sentensi, mimi nikairudia kwa nguvu."

Alichomeka visikilizio vya masikioni, akanipa kimoja, akapandisha sauti hadi mwisho. Tulisikia bahari. Kisha, kivuli kikiwa bado kimefunga mdomo, ikaja pumzi, na ndani ya pumzi sauti kavu ambayo miaka yote tulidhani ni upepo: "Naomba dawa niishi..."

Mdogo wangu alinishika mkono, kucha zikaniuma. Alirudisha nyuma. Akarudisha tena.

"Wewe mtoto wa dirishani, nyamaza basi," aliiambia simu.

Mtoto yule hakunyamaza. Kila mara alidakia kabla Mama hajamaliza.

Mdogo wangu alikata kipande kipya palepale, mnong'ono peke yake, hadi pale sauti yangu inapoingia. Hicho ndicho kilichosikika kanisani, na kiliishia kwenye "niwaone".