Niliwalipia wanangu wapite mbele, nikamwacha mtoto wa dada kwenye foleni

Admin, ukiiweka hii naomba jina na namba yangu visionekane, maana humu ndani kuna wateja wangu na kuna ndugu zangu. Wengi wanaoandika hapa wametendwa. Mimi nimetenda.

Nina miaka thelathini na nane, ni fundi wa vitanda na makabati hapa Tabora mjini. Nina mke na watoto wawili, wa kike miaka kumi, wa kiume sita. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la tatu. Aliyenilea ni dada yangu, na yeye mwenyewe alikuwa bado msichana. Aliacha shule akawa kibarua kwenye mashamba ya tumbaku ya watu huko Sikonge ili mimi nivae sare na nipate daftari. Mpaka leo yuko hukohuko. Binti yake wa mwisho ana miaka tisa. Hapa nitamwita Kabula, si jina lake.

Likizo iliyopita Kabula alikuja kwangu. Wanangu walikuwa wamemsimulia kwenye simu habari za kiwanja cha michezo kinachofunguliwa hapa mjini wakati wa sikukuu, kuna treni ya watoto na lile gurudumu kubwa linalokupandisha juu mpaka uone mabati ya mji mzima. Dada aliniambia, "Huyu mtoto tangu mwezi uliopita anaota gurudumu tu. Mpandishe hata mara moja, mdogo wangu, atulie."

Mke wangu alikuwa kwao Nzega kwenye msiba, kwa hiyo niliwapeleka mwenyewe, watoto watatu. Mwaka uliotangulia ukilipa getini umemaliza, mtoto anacheza mpaka achoke. Safari hii kiingilio kilikuwa kimepanda, na kila mchezo ndani unalipiwa peke yake. Halafu kulikuwa na jambo jipya: utepe wa njano wa mkononi. Ukiununua, mtoto hapangi foleni, anapita mlango wa pembeni. Na foleni ya gurudumu, ndugu zangu, ilikuwa imezunguka uwanja, jua la Tabora mnalijua.

Wakati nashangaa bei ya utepe, nikasikia, "Fundi! Na wewe umeleta familia?" Alikuwa mteja wangu mkubwa, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa ameniahidi kazi ya vitanda vyote vya vyumba vipya. Watoto wake wote walikuwa na tepe za njano. Niliona aibu kuonekana napanga foleni. Nikanunua tepe mbili, nikawafunga wanangu.

Yule mama akamtazama Kabula, aliyekuwa amevaa gauni lake la kanisani na kandambili. Akauliza, "Na huyu?"

Nikajibu, "Huyu ni wa jirani, kaja kuangalia tu."

Kabula alikuwa amenishika mkono. Akauachia taratibu.

Msidhani sikuwa na pesa ya utepe wa tatu. Ilikuwepo mfukoni. Nilijiambia mtoto wa kijijini hata foleni kwake ni starehe. Nilipata wazo hilo mimi, niliyekula jasho la mama yake.

Mteja alipogeuka nikamkatia Kabula tiketi ya kawaida, nikamsimamisha mwisho wa mstari. Akaniambia, "Sawa, mjomba, nitasubiri." Wanangu walipanda gurudumu mara tatu. Kila wakishuka, wenye tepe wengine wanapita, na mstari wa Kabula hausogei. Mimi nilikuwa kivulini na yule mama, tunaongea habari za mbao, soda mkononi. Jua lilipozama wakatangaza mashine zinazimwa. Mbele ya Kabula walikuwa wamebaki watoto wanne.

Njiani wanangu walikuwa wanapiga kelele za furaha. Yeye alitembea nyuma yetu, tiketi yake bado mkononi. Jioni ile dada alipiga simu, nikaweka sauti kubwa. "Umepanda, mwanangu?" Kabula akanitazama, kisha akasema, "Nimepanda, mama. Ni juu sana." Dada akanishukuru mpaka akalia. Na mimi nikapokea shukrani.

Sasa hapa ndipo nilipokwama. Dada na mimi tulishakubaliana zamani kwamba Kabula ahamie kwangu asome shule ya mjini, ana akili sana. Wiki mbili zilizopita dada alipomfungia nguo, mtoto akagoma kuja. Ameulizwa, hasemi. Kachapwa, hasemi. Shemeji anamwita mtoto asiye na shukrani. Juzi dada kanipigia, sauti imechoka: "Mdogo wangu, nisamehe. Sijui mwanangu kaingiwa na nini. Jumamosi namleta akupigie magoti akuombe radhi kwa kukudharau."

Nilisema, "Sawa, dada." Ndugu zangu, nilisema sawa!

Mtoto kachapwa kwa kunifichia mimi aibu, na sasa anakuja kunipigia magoti. Mke wangu hajui chochote. Kazi ya vitanda niliipata, kila nikipiga randa namwona yule mtoto amesimama juani na kandambili zake. Nikimwambia dada kwamba nilimkana mwanaye mbele ya watu, sijui kama atanitazama tena. Nikikaa kimya, Kabula atapiga magoti, na najua atapiga bila kunitaja.

Jumamosi haiko mbali. Nipande basi kesho niende Sikonge niseme yote kabla hawajafunga safari, au niwasubiri hapa, niongee mbele ya mke na wanangu? Na mtoto wa miaka tisa anaombwaje msamaha na mtu mzima? Nitukaneni kwanza, nastahili, lakini mkimaliza nishikeni mkono mniambie la kufanya.